Pikipiki ya zamani iliyogeuzwa kafe resa: kutafuta chanzo cha hitilafu, dalili kwa dalili

Pikipiki iliyokuwa ikiwaka kwa teke moja kabla haijafunguliwa, ikirudi barabarani na tandiko fupi, usukani wa chini na taa ya duara, mara nyingi hurudi na magonjwa ambayo haikuwa nayo. Mwenye pikipiki huilaumu injini, hununua kabureta mpya, kisha plagi, kisha CDI, yaani kisanduku cha umeme kinachoamuru cheche ya plagi, na ugonjwa unabaki pale pale. Nimejifunza kuanzia upande mwingine. Kila dalili inapojitokeza baada ya kazi ya namna hii, swali langu la kwanza ni kifaa gani kilikuwa hapa, na kilikuwa kikifanya kazi gani kabla sijakitoa. Boksi la hewa, madigadi, betri kubwa, usukani mrefu, hata kipande cha chuma kisichopakwa rangi chini ya bolti, vyote vilikuwa na kazi, na sehemu kubwa ya hitilafu ninazozieleza hapa ni kazi zilizobaki bila mfanyakazi.

Mfano wangu ni pikipiki za ukoo wa Honda CG125, iliyoanza kuuzwa katikati ya miaka ya 1970, kwa sababu injini zilizoigwa kutoka kwake ndizo zinazobeba bodaboda nyingi za Afrika Mashariki na vipuri vyake hupatikana karibu kila mji. Mtindo wa kafe resa wenyewe ulizaliwa Uingereza katika miaka ya 1950 na 1960, kwa vijana waliokutana mahali kama Ace Cafe ya London na kutamani kufikisha maili 100 kwa saa, yaani kilomita 160. Walitumia injini kubwa, kama ile ya Triumph iliyopachikwa kwenye fremu ya Norton na kuitwa Triton. Injini ya CG yenye nguvu za farasi zipatazo 11 haitafika huko, lakini umbo lile lile linadai mambo yale yale kwa fundi. Vifaa vya uchunguzi ni vichache: spana nzuri, multimita, geji ya kupimia nafasi za valvu, chupa safi inayoonyesha ndani, na daftari. Daftari ni la lazima, kwa kuwa anayebadilisha vitu viwili kwa wakati mmoja hawezi kujua ni kipi kilichoponya na ni kipi kilichoharibu.

Injini inakohoa ukifungua aksileta

Hii ndiyo dalili inayoongoza. Pikipiki inawaka na kutulia sailensa, yaani inanguruma vizuri ukiwa hujagusa aksileta, lakini ukifungua kufikia nusu inakohoa, inasita, kisha inashika ghafla. Au inakwenda vizuri mtaani na kukataa kabisa kuongeza mwendo kwenye barabara kuu. Karibu kila mara boksi la hewa lililokuwa chini ya tandiko limeondolewa ili pembetatu ya katikati ya fremu ionekane wazi, na mahali pake imewekwa filta ndogo ya koni iliyobanwa moja kwa moja kwenye mdomo wa kabureta. Boksi lile halikuwa la kuchuja vumbi tu. Liliituliza hewa na kuizuia kwa kiasi fulani, na jeti za kabureta, yaani vitundu vinavyopima petroli, zilichaguliwa kulingana na kiasi hicho. Likiondoka, hewa inaingia kwa wingi na kwa msukosuko, petroli inabaki ile ile, na injini inabaki na njaa.

Ili kuthibitisha, endesha katika hali ile ile inayoleta kikohozi kisha vuta choki kidogo. Ikipata nafuu, inakosa petroli. Ikizidi kuugua, petroli imezidi. Baada ya hapo tafuta ushahidi wa plagi. Endesha kilomita chache katika mwendo wenye tatizo, zima injini hapo hapo bila kuiacha ingurume, kisha fungua plagi. Kaure nyeupe kama chokaa inaonyesha njaa ya petroli na joto la kupita kiasi, na usiichezee, kwa maana injini inayoendeshwa hivyo kwa muda mrefu hutoboa pistoni. Rangi ya chai ya maziwa iliyokolea ndiyo unayoitafuta. Masizi makavu meusi ni petroli nyingi. Weusi wenye unyevu wa oili ni habari nyingine kabisa: ringi za pistoni au sili za valvu zimechoka, na hakuna jeti itakayoponya hilo.

Kisha angalia kikohozi kinatokea aksileta ikiwa wapi, kwa sababu kabureta ina milango tofauti kwa kila hatua. Kuanzia kufungwa hadi kama robo, kazi iko kwa jeti ndogo, skrubu ya hewa na mkato wa slaidi, yaani kile kizibo kinachoinuliwa na kebo ya aksileta. Kati ya robo na robo tatu iko kwa sindano inayoning'inia chini ya slaidi. Kuanzia hapo hadi mwisho iko kwa jeti kubwa. Kikohozi cha katikati hutibiwa kwa kushusha kiklipu cha sindano tundu moja, jambo linaloinua sindano na kuruhusu petroli zaidi. Kikohozi cha mwendo mkubwa hudai jeti kubwa zaidi, na hapo panda hatua moja moja, kwa mfano kutoka 95 hadi 98, ukisoma plagi kila mara. Kwa skrubu ndogo iliyo ubavuni, tazama iko upande gani: ikiwa karibu na filta inatawala hewa, hivyo kuikaza kunaongeza petroli, ikiwa karibu na injini inatawala petroli, hivyo kuilegeza ndiko kunakoongeza. Nimeona watu wakiigeuza kinyume kwa siku nzima kwa kutolijua jambo hili moja.

Kabla ya kununua jeti yoyote, hakikisha kwamba hakuna hewa ya wizi, yaani inayoingia bila kupitia kabureta. Kati ya kabureta na kichwa cha injini kuna kipande chenye oringi, mpira wa duara wa kuziba, ambayo, baada ya kufunguliwa na kurudishwa, hubaki imejikunja au imekatika. Dalili yake ni sailensa inayopanda yenyewe na kuchelewa kushuka ukiachia aksileta. Pima pia nafasi za valvu injini ikiwa ya baridi kabisa, kwa maana valvu iliyokazwa mno huiga ugonjwa wa kabureta kwa ukamilifu. Kumbuka vilevile mwinuko wa mahali: pikipiki iliyowekwa sawa Dar es Salaam, kando ya bahari, itakuwa na petroli nyingi ikipelekwa Mbeya au Nairobi, kwenye mita zipatazo 1,700, kwa kuwa hewa ya huko ni nyepesi.

Baada ya majaribio haya yote, ushauri wangu kwa anayetaka kuitumia pikipiki yake kila siku ni kulirudisha boksi la hewa, au kutengeneza jingine dogo litakalojificha nyuma ya kibao cha pembeni. Ya kwangu nimeirudishia. Barabara zetu zina vumbi jingi, na filta ya koni ya bei nafuu hulipitisha vumbi hilo moja kwa moja hadi kwenye boringi, ndani ya silinda ya injini.

Inakwenda dakika kumi na tano, kisha inazima

Tatizo hili lilinichukua wiki mbili, na kosa lilikuwa langu mwenyewe. Nililipaka tangi rangi uani, nikamalizia kwa vanishi ya kung'arisha, mfuniko nao nikaupuliza kwa mkono ule ule. Pikipiki ikawa inatoka nyumbani bila shida, na baada ya kama robo saa inazima taratibu, kama mtu aliyefunga koki. Ukisubiri kidogo, inawaka tena. Nikashuku koili ya plagi, kwa kuwa koili au CDI inayokufa ikipata joto hutoa dalili hiyo hiyo kwa muda huo huo. Nikabadilisha koili, kisha CDI. Siku ya tatu barabarani nilifungua mfuniko wa tangi ili nione kama petroli ipo, nikasikia tangi likivuta pumzi, sauti ndefu ya hewa inayoingia. Nilipougeuza mfuniko niliona tundu la kupumulia, dogo kama jicho la sindano, limezibwa na tone la vanishi lililokauka likang'aa kama kioo. Pini iliyomaliza tatizo niliiazima kwa mama muuza mihogo aliyekuwa kando ya barabara.

Kuyatenganisha magonjwa haya mawili ni rahisi ukikumbuka kufanya hivyo wakati huo huo injini inapozima. Fungua mfuniko kwanza; ikiwaka mara moja, tatizo ni tundu. Isipowaka, toa plagi, iguse na chuma cha injini mbali na tundu lake na mbali na petroli, piga teke na utazame cheche. Kama hakuna cheche, ugonjwa ni wa umeme. Nyumbani, toa mpira wa petroli kwenye kabureta na uuelekeze ndani ya chupa. Mtiririko unaoanza kwa nguvu na kupungua hadi matone ni tangi lisilopumua. Mtiririko dhaifu tangu mwanzo ni koki au chujio lililozibwa na kutu, na ukiiacha chupa itulie utaiona kutu yenyewe ikikaa chini kama unga mwekundu.

Kutu ya tangi huondolewa kwa siki iliyoachwa ndani siku moja au mbili pamoja na kipande cha cheni cha kukwangua, kisha maji yenye magadi, kisha kukaushwa haraka na kusuuzwa kwa oili kidogo kabla kutu mpya haijashika. Ikiwa tangi linavuja na linahitaji kuchomelewa, usilichomelee nyumbani. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa kinacholipuka ni mvuke, na mvuke hubaki hata baada ya kuliosha.

Umeme: betri haijai, taa zinacheza, indiketa hazipepesi

Hapa ndipo mwonekano safi wa kafe resa unapogharimu zaidi. Betri hubadilishwa kwa ndogo inayojificha chini ya tandiko, waya hukatwa na kuungwa upya, na fremu hupakwa rangi mpya nzuri. Rangi hiyo ndiyo mshukiwa wangu wa kwanza. Fremu ya pikipiki ni njia ya kurudishia umeme, na palipokuwa na chuma tupu chini ya bolti ya ethi, yaani ya waya wa hasi unaofungwa kwenye fremu, sasa pana rangi, ambayo haipitishi umeme. Dalili zake zinachanganya: taa inafifia ukipiga honi, indiketa inawaka pamoja na taa ya breki, kipimo kinasema betri iko sawa lakini stata inagugumia. Weka multimita kwenye volti, mguso mmoja kwenye hasi ya betri na mwingine kwenye chuma cha injini, kisha washa vifaa vyote. Kipimo kikizidi nusu volti, umeme unapotea njiani. Kwangua rangi chini ya bolti hadi chuma king'ae, paka grisi kidogo kuzuia kutu, na uongeze waya mmoja mnene unaotoka hasi ya betri kwenda moja kwa moja kwenye injini.

Ethi ikiwa nzuri, pima betri yenyewe. Injini ikiwa imezimwa, betri iliyojaa husoma karibu volti 12.6. Injini ikinguruma kwa mwendo wa kati inapaswa kusoma kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki 12, umeme haufiki. Kagua kwanza soketi ya rektifaya, kifaa kinachogeuza na kudhibiti umeme wa kujaza betri, ambayo mara nyingi utaikuta imeungua plastiki. Ikipanda kupita 15, rektifaya haidhibiti, na betri ndogo itachemka na kufa mapema kuliko ile kubwa ya awali.

Taa ya mbele ya LED inayocheza injini ikiwa sailensa, au inayoungua baada ya siku chache, ina chanzo ambacho wengi hawakitazamii. Katika pikipiki nyingi za ukoo huu taa ya mbele haikulishwa na betri. Ilipata mkondo geu, yaani umeme unaobadili mwelekeo kila mara, moja kwa moja kutoka kwenye koili ya magneti. Balbu ya zamani haikujali, kwa kuwa waya wake wa ndani hubaki na joto kati ya mpigo na mpigo. LED inajali. Ukitaka kuitumia, ilishe kutoka kwenye betri, lakini ujue kwamba betri hiyo inajazwa na sehemu tu ya uwezo wa koili. Tiba kamili ni rektifaya inayotumia mawimbi yote mawili, pamoja na kuondoa ncha ya koili iliyofungwa kwenye ethi ili ncha zote mbili ziende kwenye rektifaya. Hiyo ni kazi ya kufungua kasha la magneti na kushika bunduki ya kulehemu kwa mkono mtulivu; kama hujawahi, mpe fundi umeme.

Indiketa ndogo za LED zikiwaka bila kupepesa au zikipepesa kwa kasi ya ajabu, relei ya zamani, yaani swichi inayozipepesa, haioni mzigo wa kutosha, na relei ya elektroniki inamaliza suala hilo. Zikipepesa zote nne ukichagua upande mmoja, umeme unavuka kupitia taa ya pekee ya ishara kwenye kioo cha mwendo. Weka diodi mbili, vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, moja kwa kila upande, zote zikielekea kwenye taa hiyo, na mguu wake wa pili uupeleke ethi.

Usukani unatikisika, au injini inapanda ukikata kona

Usiendelee kuiendesha pikipiki inayotikisa usukani kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 60 kwa saa hadi uijue sababu. Anza na mambo madogo: upepo wa tairi, spoku zilizolegea, na gurudumu la nyuma lisilonyooka na la mbele, ambalo hupimwa kwa kamba ndefu iliyonyooshwa pande zote mbili. Kisha weka gogo chini ya injini ili gurudumu la mbele lining'inie, na uzungushe usukani polepole kwa kidole. Ukihisi kishimo kidogo katikati, mahali ambapo usukani unataka kukaa wenyewe, beringi za shingo zimekwisha na zibadilishwe. Shika chini ya shokapu uzivute mbele na nyuma. Zikigonga, nati ya shingo imelegea.

Kama yote hayo ni mazima, rudi kwenye mabadiliko uliyoyafanya. Wengi huteremsha mbele kwa kupandisha shokapu ndani ya vibano vyake, na wakati huo huo huinua nyuma kwa shokapu ndefu zaidi. Kila moja ya hatua hizo huisimamisha shingo ya usukani wima zaidi, na hupunguza umbali kati ya pale mstari wa shingo ungegusa ardhi na pale tairi linapogusa kweli. Umbali huo ndio unaolifanya gurudumu lijinyooshe lenyewe. Ukiupunguza mno, pikipiki inakuwa nyepesi kukata kona na haitulii kwenye barabara iliyonyooka. Rudisha hatua moja, upime tena.

Madigadi ya mbele nayo huondolewa bila kufikiriwa. Mkono wake wa chuma ulizifunga shokapu mbili pamoja. Ukiutoa, kila mguu unacheza kivyake breki ikishikwa. Kata madigadi iwe fupi upendavyo, lakini uache daraja lile la chuma. Tairi pana nalo husababisha tatizo la namna hiyo: rimu ya inchi 1.85 ilikusudiwa tairi la kiasi cha 3.00, na ukilibanisha hapo pana zaidi linajikunja juu kama yai, na pikipiki inaangukia kona badala ya kuingia.

Sauti ya injini ikipanda unapogeuza usukani, kebo ya aksileta inavutwa. Jambo hili si dogo, kwa kuwa litakutokea ukigeuka taratibu mbele ya watu. Geuza usukani hadi mwisho kila upande injini ikiwa inanguruma, na upitishe kebo njia nyingine hadi sauti isibadilike kabisa. Kebo ndefu iliyokunjwa mara mbili chini ya tangi huleta kinyume chake: klachi nzito na aksileta isiyorudi. Hakikisha pia kwamba vidole havibanwi kati ya vishikio na tangi.

Breki na gia baada ya kurudisha vikanyagio nyuma

Breki ya nyuma ikiwa dhaifu ingawa viatu vya breki ni vipya, tazama pembe. Mkono ulio kwenye ngoma ya breki na fimbo inayouvuta vinapaswa kuwa karibu na pembe mraba wakati breki imeshika. Pembe ikiwa kali, nguvu ya mguu inapotea. Gia zikiingia kinyume, kiungo cha gia kimegeuzwa juu chini, jambo linalorekebishika kwa kuzungusha mkono wake kwenye shafti. Kwenye breki ya diski, hakikisha kikopo cha mafuta ya breki kimekaa sawa baada ya vishikio kushushwa, kwa kuwa kikilala huvuta hewa na breki inakuwa laini kama sifongo.

Tairi linagusa tandiko, au rangi inapasuka kwenye maungo

Fremu hukatwa nyuma ili tandiko liwe fupi, na dalili za kosa huchelewa. Rangi inapasuka mstari mwembamba karibu na kiungo, kisha kutu inachungulia kwenye mstari huo. Huo ni ufa. Acha kuiendesha pikipiki. Chanzo huwa ni bomba lililochomelewa uso kwa uso bila kipande cha ndani. Kiungo sahihi kina kipande cha chuma kilichoingia ndani ya mabomba yote mawili, kikachomelewa pia kupitia matundu yaliyotobolewa pembeni. Usikate mbele ya vishikizo vya shokapu za nyuma, na kabla ya kuchomelea chochote toa betri na CDI.

Tairi likigusa tandiko kwenye mashimo, ina maana nafasi ilipimwa pikipiki ikiwa imesimama bila mzigo. Fungua shokapu zote mbili za nyuma, inua gurudumu hadi urefu ambao shokapu ingekuwa imejibana kabisa, na upime upya. Unahitaji angalau vidole viwili vya nafasi kati ya tairi na chochote kilicho juu yake, zikiwemo waya za taa ya nyuma. Waya hizo ndizo husagwa kwanza, na utajua zimesagwa fyuzi itakapokatika kila unapoparamia tuta ukiwa umepakia mtu.